Fundi na Funda la Maji

Dada yangu aliteleza kwenye barafu mlangoni kwake, akadaka chuma cha kushikia ngazi, na chuma kikang'oka pamoja naye. Yeye aliinuka mzima, akapangusa theluji, akaenda kazini. Chuma ndicho kilichovunjika vipande viwili, na ni kwa sababu ya chuma hicho nilikuja kufanya kazi miaka minne kwa mzee mmoja mbishi kuliko watu wote niliowahi kukutana nao, nikiwemo mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Tanzania kusomea uhandisi wa mitambo chuo kikuu Minneapolis, nikikaa kitongoji cha Crystal kwa dada na mumewe. Dada alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kuwalelea. Shemeji yangu ni Mkenya, mtu wa utani, na Kiswahili chake kilikuwa nusu Nairobi nusu Minnesota. Mwenye nyumba tuliyopanga alisema ataleta fundi wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa wiki ijayo mara tatu. Jumamosi moja shemeji akachukua vipande vile, akavitupa kwenye buti la gari.

"Twende Frogtown," aliniambia. "Kuna mzee wa welding huko karibu na University Avenue. Mimi nita-drive, wewe utaongea. Si ni wewe injinia?"

Karakana ilikuwa nyuma ya duka la nguo la wahamiaji wa Kihmong, jengo la matofali lenye mlango mpana. Ndani kulikuwa na joto zuri na harufu ya makaa. Mzee alikuwa Mzungu mwenye tumbo kubwa, kiasi kwamba kamba za aproni yake ya ngozi hazikufika mgongoni, akaziungia waya. Alikuwa amefundisha ufundi wa vyuma shule ya sekondari kwa miaka mingi. Alipostaafu akafungua karakana, na naona tabia ya kuuliza maswali alitoka nayo darasani bila kuirudisha.

Alivitazama vipande vyetu, kisha akanitazama mimi.

"Unaweza kuchomelea?"

Nilikuwa nimesoma mwaka mmoja chuo cha ufundi nyumbani. Nikasema naweza. Akanipa kinyago cha kukinga macho, akakunja mikono juu ya tumbo lake, akasubiri. Shemeji akarudi nyuma hatua tatu. Mshono wangu haukuwa wa kujivunia, lakini ulishika.

"Sawa," alisema mzee. "Sasa niambie, neno *weld* limetoka wapi?"

Sikuwahi kufikiri kwamba limetoka mahali.

"Limetoka kwenye kuchemka," alisema, akifurahia kwamba sijui. "Ni ndugu wa *well*, kisima, maji yanavyobubujika kutoka ardhini. Wafua chuma wa zamani walikipasha chuma mpaka kikawa kama kinachemka, ndipo vipande viwili vikakubali kuwa kimoja."

Nikamwambia kwamba hata kwetu kuchemka na chemchemi ni maneno yanayofanana, na ukiyasikiliza utadhani yamenyonya ziwa moja. Akaniomba niyarudie. Akayatamka mwenyewe, vibaya sana, mara nne.

"Njoo Jumamosi ijayo," alisema. "Nina kazi."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Sikuulizwa cheti wala uzoefu. Niliulizwa neno.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: mageti, vyuma vya ngazi, bawaba, majembe ya theluji yaliyopinda. Lakini mzee hakuweza kukupa kifaa bila kukupa na habari ya jina lake. Ukimwomba nyundo, unangoja. Ukimwomba koleo, unangoja zaidi. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua bawaba mbili alikaa saa nzima akielezwa kwamba neno *craft*, ambalo leo ni ufundi, kwa Waingereza wa kale lilikuwa nguvu, uwezo wa mwili, na kwamba ndiyo maana mtu mwenye ujanja naye aliitwa *crafty*: nguvu zilihama kutoka mikononi zikapanda kichwani. Mteja akatoka akiwa amesahau bawaba. Nikamfuata nazo mbio hadi kwenye kituo cha basi.

Mengi aliyosema yalikuwa kweli. Najua kwa sababu nilikwenda kuyahakikisha. Katika maktaba ya chuo kulikuwa na kamusi moja ya Kiingereza yenye juzuu nyingi kama ngazi za nyumba, inayoeleza kila neno lilianza kuandikwa lini na lilikuwa na maana gani. Nilianza kuifungua kwa udadisi tu. Kisha, naungama, nikaanza kuifungua kwa kumvizia.

Nilimnasa kwenye neno lake mwenyewe la kazi. Alikuwa akipenda kusema kwamba *smith*, yaani mfua chuma, limetoka kwenye *smite*, kupiga. "Kwa sababu anapiga," alisema kila mara, na kupiga fuawe, lile pande la chuma la kufulia, kwa nyundo mara moja ili wageni washtuke. Kamusi ikasema sivyo. Ikasema maneno hayo mawili hayana udugu wowote. Yamefanana sura tu kama watu wawili wanaokutana kwenye foleni. Tena ikasema kwamba hapo kale neno *smith* lilikuwa la fundi yeyote, hata wa mbao.

Jumatatu nilimpelekea habari hiyo, na nadhani nilikuwa natabasamu kupita kiasi.

"Kamusi hiyo," aliuliza, "iliandikwa na mtu aliyewahi kufua chuma?"

"Sidhani."

"Basi."

"Lakini mzee, inasema hata seremala aliitwa hivyo."

"Seremala!" Alilitamka kama mtu aliyekuta nywele kwenye supu. Siku nzima hakuniita kwa jina. Akihitaji kitu alisema, "Mwambie seremala aniletee tupa."

Tuliendelea hivyo msimu mzima. Mimi nikichimba, yeye akikataa. Nilipomwambia kwamba *blacksmith* hakuitwa mweusi kwa sababu ya masizi, bali kwa sababu chuma kilikuwa metali nyeusi, tofauti na bati iliyoitwa nyeupe, alinionyesha viganja vyake. "Na haya ni nini?" Nikasema ni masizi. "Kesi imekwisha," akasema.

Sasa naja kwenye kosa langu.

Mzee alikuwa ameanza kuniuliza maneno ya Kiswahili. Aliyaandika kwa chaki ubaoni, kwenye ubao aliotoka nao shuleni: *nyundo*, *koleo*, *moto*, *makaa*. Siku moja akaniuliza *fundi* limetoka wapi. Sikujua kwa hakika. Ningeweza kusema sijui. Lakini asubuhi hiyo alikuwa ameniita seremala mbele ya wateja watatu, na nikaona hapa ndipo pa kulipiza.

"Fundi," nilimwambia kwa sauti ya mtaalamu, "limetoka kwenye funda. Funda ni maji yanayojaa mdomo, mashavu yakivimba. Wafua chuma wetu wa zamani hawakuwa na ndoo ya kupozea. Walipiga funda la maji, wakalipuliza juu ya chuma chenye moto. Ndiyo maana wakaitwa mafundi."

Nilitegemea atakataa, kama alivyokataa kamusi nzima. Wala hakukataa. Macho yake yaling'aa. Alishika chaki akaandika *funda*, akachora na uso wa mtu aliyevimba mashavu.

"Hilo," alisema taratibu, "ndilo neno zuri kuliko yote uliyonipa."

Nilicheka njia nzima ndani ya basi. Nyumbani nikawasimulia. Dada alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Shemeji alitikisa kichwa.

"Huyo mzee ame-believe? Wacha! Utamwambia lini ukweli?"

"Nitamwambia wiki ijayo," nilisema. Nami nikawa kama mwenye nyumba wetu.

Wiki zilipita. Kila nilipotaka kumwambia, nilimkuta anamsimulia mtu mwingine, tena kwa raha, na nikaona haya. Halafu majira ya kuchipua yakaja, theluji ikayeyuka, na mzee akatangaza siku ya watu kuitembelea karakana. Alikuwa akiifanya kila mwaka: anawasha moto kwa kutumia mivukuto, mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, aliyorithi kwa babu yake aliyetoka Norway, anafua ndoano na misumari, watoto wanapewa biskuti. Mwaka huo aliniambia nialike watu wangu.

Watu wangu walikuja. Dada na shemeji walikuja. Wanafunzi wenzangu wanane hivi wa Afrika Mashariki walikuja, wengi kwa ajili ya biskuti. Akaja pia mama mmoja Mtanzania aliyekuwa akifundisha Kiswahili chuoni, mwenyeji wa Tanga, aliyekaa mtaa wa Phillips na kuheshimiwa na sisi sote kama mzazi. Alivaa kitenge kilichonyooshwa na miwani ya mnyororo. Nilimwamkia, nikamkalisha mstari wa mbele kabisa, kiti chenye mto. Wakati ule sikuwa nimejua mzee amepanga nini.

Mzee alifua ndoano ya kwanza. Alieleza *weld* na kisima, watu wakapiga makofi. Akaeleza *craft* na nguvu, wakapiga tena. Kisha akatoa kipande cha chuma motoni, chekundu kama pilipili iliyoiva, akakiweka juu ya fuawe.

"Na sasa," alitangaza, "nitawaonyesha jinsi walivyofanya wafua chuma wa Afrika Mashariki, kama nilivyofundishwa."

Akachukua kikombe. Akajaza maji mdomoni. Mashavu yakavimba mpaka macho yakawa madogo. Shemeji alinibana mkono, akasema kwa pumzi, "Mungu wangu, ni ile story."

Mzee akapuliza. Chuma kikalia, mvuke ukapanda, na nusu ya maji, ambayo haikufika kwenye chuma, ikamfikia mama mwalimu. Ilimpata kuanzia miwani hadi kifuani.

Hakuna aliyecheka. Mama mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa. Mzee alikuwa anaeleza kwa furaha, mdomo bado ukidondosha maji: "*Funda*, maji mdomoni. *Fundi*, mwenye kupuliza maji. Neno moja!"

"Samahani, mzee," alisema mama mwalimu kwa Kiingereza cha upole kabisa. "Hayo nani amekufundisha?"

Na mzee, kwa fahari ya mwalimu anayemwonyesha mwanafunzi wake bora, akaninyooshea koleo.

Nimewahi kufeli mitihani. Nimewahi kuamshwa usingizini na kushushwa kwenye basi lisilo langu. Lakini sijawahi kutamani sakafu inimeze kama siku ile. Mama mwalimu aligeuka, akanitazama juu ya miwani, akasema kwa Kiswahili, polepole:

"Simama, mwanangu. Sema."

Nikasimama. Niliwaambia watu wote, na hasa yeye, kwamba nililitunga. Kwamba funda ni kweli ni maji ya mdomoni, na fundi ni kweli ni fundi, lakini niliyaoza mwenyewe bila kuwauliza wazazi. Nilisema samahani. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko ya moto.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akakitazama kikombe mkononi mwake, akakiweka chini. "Vizuri," alisema. "Kuna biskuti kule nyuma." Akaenda kuuzima moto.

Kwa majuma matatu baada ya siku hiyo hakunifukuza kazi wala hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu "nyundo", na nikampa nyundo. Alisema "koleo", na nikampa koleo. Hakuna neno lililotoka mahali popote. Ubaoni alikuwa amefuta kila kitu, hata yale maneno ya kweli. Wateja walichukua bawaba zao kwa dakika tano wakaenda zao, na nikagundua kuwa hata wao hawakupenda.

Nilichoelewa katika majuma hayo kilinichoma. Mimi nilipinga maneno yake kwa sababu nilikuwa na kamusi. Yeye aliyapokea yangu bila kuuliza kwa sababu aliniona mimi ndiye kamusi. Hakuwa na maktaba nyingine ya Kiswahili pale Frogtown, na nilikuwa nimemchania ukurasa.

Nikaenda Phillips kwa mama mwalimu. Alinipokea, akanipa chai ya tangawizi na maandazi, akaniacha nijieleze mpaka maneno yakaniishia.

"Unataka nini sasa?" aliuliza.

"Nataka nimpelekee maneno ya kweli."

"Atakuaminije?"

Akanywa chai yake.

"Jumamosi nitakuja," alisema. "Lakini mwambie nitakaa nyuma."

Jumamosi alikuja, amevaa koti la mvua hadi magotini. Mzee alipoliona koti alijaribu kutocheka, akashindwa. Ndiyo ilikuwa sauti ya kwanza ya furaha ndani ya karakana tangu siku ile. Akamwomba radhi kwa kumlowesha. Mama akasema amesamehe, ila anataka kumlipa deni la neno ambalo mwanafunzi wao wa pamoja aliliharibu. "Wao wa pamoja" alikuwa ni mimi, niliyesimama kando nimeshika birika la kahawa.

"Fundi," alianza mama, "hupuliza maji akitaka mwenyewe. Jina lake halitoki huko. Kuna kufunda: kumfundisha mtu, kumlea mpaka ajue. Kutoka hapo tunapata kufundisha, na mwanafunzi, na fundi. Ndivyo nilivyopokea kwa walionifunda mimi. Fundi ni mtu aliyefundwa."

Mzee aliyekuwa mwalimu miaka yote ile alilitazama fuawe. "Kwa hiyo shuleni nilikuwa fundi," alisema, "kabla sijafika hapa."

"Mara mbili," alisema mama. "Ulifundwa, ukafunda wengine."

Mzee akaugeuza ubao, akanipa chaki niandike. Nilijua hiyo ni amri. Mama akaendelea. Akasema tunaita *kufua* kazi ya kupiga chuma, na tunaita *kufua* kazi ya kusafisha nguo, kwa sababu zamani nazo zilipigwa juu ya jiwe mtoni. Na *fuawe* lenyewe, alisema, ukilisikiliza vizuri lina kufua mbele na jiwe nyuma: jiwe la kufulia.

Mzee aliinua mkono kama mtoto darasani. "Ngoja. Ngoja kwanza. Mfua chuma kwenu anaitwa kwa sababu anapiga?"

"Ndiyo."

Akanigeukia polepole sana.

"Smith," alisema. "Smite."

"Lakini mzee, hicho ni Kiswahili," nilisema.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Nilikosea lugha tu."

Mama mwalimu alicheka mpaka akafungua vifungo vya koti la mvua. Mzee akapata nguvu. Akaielekea mivukuto ya babu yake, akaeleza kwamba Kiingereza cha kale kilikuwa na neno moja la mfuko wa ngozi, na neno hilo likazaa *bellows*, mivukuto, na likazaa *belly*, tumbo. Mama akashika shavu.

"Hata sisi!" aliniambia kwa Kiswahili. "Kiriba ni mfuko wa ngozi, wa maji au wa kuvuvia moto. Na mtu akinenepa tumbo, ugonjwa huo tunauita kiribatumbo."

Nilisita kutafsiri. Mama akatafsiri mwenyewe. Mzee aliinamisha kichwa, akatazama waya uliounganisha kamba za aproni yake, akalipiga tumbo makofi mawili ya upendo.

"Andika," aliniambia. "Na hilo uliandike kwa herufi kubwa."

Kuanzia hapo nilisamehewa, lakini pia nilipunguzwa cheo. Mama mwalimu alikuja karibu kila Jumamosi. Wao wawili walikaa kwenye viti karibu na moto wakibishana juu ya maneno, na mimi nilifanya kazi ya kufua na ya kutengeneza kahawa. Nikitia neno langu, waliniuliza kwa pamoja ushahidi uko wapi. Shemeji alipokuja kunichukua alikuwa akisimama mlangoni, akiwatazama, kisha ananiambia, "Wewe ulianzisha hii, sasa hata hawakutaki."

Nilimaliza masomo, nikapata kazi ya kiwandani. Mwaka uliofuata mzee aliamua kufunga karakana na kuhamia kwa binti yake, kwa sababu magoti yalikuwa yamegoma. Alitualika siku ya kugawa vitu. Mama mwalimu alipewa koleo dogo la babu yake, na mzee akamweleza kwamba *heirloom*, kitu cha kurithi, kina ndani yake neno *loom*, ambalo leo ni mtambo wa kufumia lakini hapo kale lilikuwa kifaa chochote cha kazi. Kitu cha kurithi, mwanzo wake, ni kifaa tu cha kazi kinachopita mkono hadi mkono. Mama alilipokea koleo kwa mikono miwili.

Mimi nikasubiri zamu yangu. Nilikuwa nimeiwazia nyundo yake yenye mpini wa mti mweusi.

"Wewe," alisema mzee, "chukua fuawe. Ukiweza kulibeba."

Mimi na shemeji tulilibeba, tukisimama kila hatua nne, yeye akilalamika kwa lugha tatu kwamba gari lake halijafanya kosa lolote. Tulipolishusha ndani ya buti, nyuma ya gari ilishuka na mbele ikainuka kama mashua iliyopakiwa vibaya. Mzee alitutazama kutoka mlangoni, mikono juu ya tumbo, na mama mwalimu kando yake na koleo lake, wakicheka bila aibu yoyote. Tuliendesha hadi Crystal polepole sana, taa za mbele zikimulika vilele vya miti.